Namba ya Mama Pacha

Mashine ilisema Kiberiti hajafanya kazi tangu mwezi uanze.

Msimamizi alimsomea habari hiyo akiwa ameketi, naye Kiberiti akaipokea akiwa amesimama juu ya boksi lililokatwa na kutandazwa sakafuni ili wenye tope wasichafue ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lenye dirisha moja. Kupitia dirisha hilo, mtu yeyote mwenye macho angeuona mtaro mrefu ulionyooka vizuri, ambao Kiberiti alikuwa ametoka kuuchimba dakika hiyo hiyo, na grisi ya mashine bado ilikuwa kwenye kucha zake.

"Makao makuu wanauliza," msimamizi alisema, "tunakulipa mshahara wa nini."

"Bosi, si unaniona kila asubuhi?"

"Nakuona sana. Hata jana umenipigia honi. Lakini mimi si mashine." Akageuza kompyuta ili Kiberiti naye aone. "Namba yako hii hapa. Zamu, hakuna. Mafuta, hakuna. Udongo, hakuna. Ungekuwa marehemu, rekodi yako ingekuwa hii hii."

"Sasa huo mtaro kachimba nani?"

"Mkeo. Asubuhi yeye, jioni yeye. Makao makuu wamemsifu, wanasema hawajapata kuona opareta mwenye nguvu namna hiyo." Msimamizi akamtazama kwa chini ya miwani. "Kuna kitu unakijua hapa?"

Kiberiti alijua kila kitu. Ndiyo maana alijibu haraka mno.

"Itakuwa mashine mbovu, bosi."

Msimamizi alikuwa hajanywa chai, na kufikiri kabla ya chai hakukuwa tabia yake. Akaandika kwamba mashine ni mbovu. Kisha akaeleza mambo yatakavyokwenda: Ijumaa atakuja yule fundi aliyefunga ile mitambo ya kompyuta, aipime. Ikiwa ni mbovu kweli, Kiberiti kapona. Ikiwa nzima, basi Ijumaa hiyo hiyo atarudisha kofia na buti, na mashine atabaki nayo mkewe.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Shuka kwenye boksi basi, limeloa."

*

Ukweli ulikuwa wa aibu, na kama aibu nyingi za wanaume wa kiwandani na barabarani, ulianza kwa majigambo.

Zamani mashine ile ya kuchimbia ilikuwa ya mafuta matupu. Ukivuta kishikio, mafuta yanasukumwa kwenye mipira mpaka kwenye mkono wa mashine, na opareta anausikia mzigo kwenye viganja vyake kama anaubeba yeye. Kiberiti alikuwa bingwa wa mambo hayo. Jina lake alilipata siku aliyoweka kiberiti kilichofunguliwa juu ya jiwe, akakifunga kwa ncha ya kijiko cha mashine bila kuvunja njiti hata moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina alilopewa na wazazi wake, na yeye mwenyewe hakulikumbuka sana.

Kisha, mwishoni mwa mwezi uliopita, kampuni ikaleta fundi, mwanamke mfupi mwenye begi la mgongoni. Akang'oa vishikio vya zamani, akafunga vipya vyepesi ambavyo havisukumi kitu. Vinatuma ujumbe tu. Ujumbe unakwenda kwenye kompyuta ndogo iliyo chini ya kiti, na kompyuta ndiyo inayoamuru valvu ifungue mafuta kiasi gani na kwa kasi gani. Kila opareta akapewa namba yake. Ukiiingiza, mashine inakumbuka unavyopenda iwe: nyepesi, nzito, ya haraka au ya pole. Kuchagua kulikuwa rahisi, kwa kuwa kwenye skrini kulikuwa na picha mbili, sungura upande mmoja na kobe upande wa pili, na katikati mstari wa kutelezesha kidole.

"Wewe nikuwekee wapi?" fundi alimuuliza Kiberiti siku ile, mbele ya vibarua wote.

"Sungura. Kila mahali sungura. Huyo kobe mpe mke wangu."

Watu walicheka sana, na mkewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka mafunzoni na kupangiwa zamu ya mchana kwenye mashine hiyo hiyo, alicheka pamoja nao. Kisha akaketi na fundi muda mrefu, akijaribu hiki na kile, akiongeza hapa na kupunguza pale, wakati mumewe anawasimulia vibarua kisa cha kiberiti.

Kesho yake asubuhi Kiberiti aliingiza namba yake, akagusa kishikio kama alivyozoea. Mkono wa mashine uliruka angani. Alipourudisha, ulishuka kwa kishindo, na vibarua wakatoka mtaroni kila mtu na njia yake. "Naipasha moto!" aliwapigia kelele. Aliipasha moto asubuhi nzima. Kila alipoigusa ilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Dawa ilikuwa kutelezesha kidole kidogo kuelekea kwa kobe, lakini skrini ilikuwa kubwa na inang'aa, na kioo cha kibanda kilikuwa safi, na vibarua walikuwa wanatazama. Kobe si alikuwa ameshamgawa?

Ndipo akakumbuka namba ya mkewe. Hakuna siri ndani yake, ilikuwa siku waliyozaliwa mapacha, na Mama Pacha aliitumia kwa kila kitu chake. Kiberiti aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaiingiza. Mashine ikatulia. Siku mbili tatu baadaye ikawa tamu kabisa, mkono unapanda wenyewe na kiwiliwili kinazunguka kwa uzito ule ule aliokuwa anaupenda zamani. "Mkono wangu umeizoea," alijisifu moyoni. Na mashine, alijiambia, haina mdomo.

Kumbe ilikuwa na laini ya simu tumboni, na kila siku ilikuwa inawapigia makao makuu soga.

*

Walikuwa wanakaa jirani na pale pale kazini, nyumba ya vyumba viwili ambayo madirisha yake yalitikisika kila mashine ilipopita. Jioni ile mapacha walikuwa wanaandika kazi ya shule mezani, mama yake Kiberiti anapanga nguo zilizokauka, na Mama Pacha ameingia sasa hivi, buti ameziacha mlangoni.

"Nimechoka leo," Mama Pacha alisema, akijitupa kwenye kiti. "Sijui kwa nini. Utadhani nimefanya zamu mbili."

Kiberiti alipaliwa na maji. Mama yake akaanza kukohoa naye, akajificha nyuma ya shuka aliyokuwa anaikunja.

"Mama, unaumwa?"

"Vumbi tu, mwanangu. Endelea kunywa maji."

Akaona heri atoe habari mwenyewe kabla hazijamfika kutoka kwa jirani. Akasema mashine imeharibika, inasoma vibaya, fundi anakuja Ijumaa, na wajinga fulani wa makao makuu wanataka kumsimamisha kazi kwa ajili ya ubovu huo. Alisema yote hayo akitazama ukuta. Alipomaliza, kalamu za mapacha zilikuwa zimesimama.

"Kukusimamisha?" mama yake aliuliza, na safari hii hakukuwa na kikohozi. "Wewe ndiye wa kudumu humu ndani. Mkataba wa mwenzio ni wa kuhesabu miezi. Kodi ya nyumba italipwa na nani? Na hawa shule?"

"Hawatanisimamisha, mama. Ni mashine tu."

"Mbona kwangu ni nzima?" Mama Pacha aliuliza taratibu, akisugua nyayo zake.

"Ubovu wake unachagua mtu."

"Ina macho, siyo?"

"Mama Pacha, mambo ya kompyuta ni mazito. Huwezi kuyaelewa yote."

Hapo hata pacha mmoja alimtazama mwenzake. Mama Pacha hakukasirika. Aliinuka, akamwekea mumewe chakula, akaketi karibu naye kuliko kawaida.

"Baba Pacha, una neno lolote la kuniambia?"

"Neno gani?"

"Lolote tu. Huwezi jua, pengine naweza kukusaidia."

Kiberiti aliona kabisa kwamba mlango umefunguliwa. Aliona pia ule mkono wake maarufu uliofunga kiberiti, na vibarua wote waliocheka siku ya sungura, na akajisikia joto mpaka masikioni.

"Sina neno," akasema. "Chumvi kidogo, basi."

Mkewe akamletea chumvi. Alimuuliza tena asubuhi mumewe akifunga kamba za viatu, na tena siku iliyofuata, na kila mara Kiberiti alikuwa hana neno.

*

Ijumaa fundi alikuja mchana, wakati wa kupokezana zamu. Alichomeka waya chini ya kiti, akafungua kompyuta yake, akasoma kwa muda. Kiberiti alisimama pembeni na kofia yake kichwani, ameishika kwa mikono yote miwili kana kwamba kuna upepo.

"Mashine nzima," fundi alisema. "Nzima kabisa."

"Nilijua," alisema msimamizi, ambaye hakujua.

"Pengine ni namba yake tu iliyoharibika. Panda, mzee. Ingiza namba yako, uchimbe kidogo nione."

Kiberiti alipanda. Angeweza kusema hapo, angeweza kusema akiwa kwenye ngazi, angeweza kusema akiwa tayari amekaa. Aliingiza namba yake mwenyewe, na skrini ikamkaribisha. Sungura wote walikuwa pale pale alipowaacha, wamejipanga, wanamsubiri.

Akagusa kishikio kwa upole kuliko alivyowahi kumgusa mtoto mchanga. Mkono wa mashine ukarukia juu. Akaurudisha, ukapitiliza. Akaurekebisha kushoto, mashine nzima ikazunguka na kijiko kikaingia kwenye ukuta wa mtaro, kikapita kwenye utepe mwekundu uliofungwa na watu wa maji kuonya kwamba hapa kuna bomba. Palisikika mlio mfupi. Kisha maji yakaruka juu kuliko kibanda cha mashine, yakamwangukia msimamizi.

Habari za maji ya bure hazihitaji kutangazwa. Kabla msimamizi hajafuta miwani yake, watu wa mtaa walikuwa wameshafika na ndoo, na beseni, na madumu, na mmoja na sufuria iliyokuwa bado na ukoko. Mbele yao wote, akiwa na dumu la manjano, alikuwa mama yake Kiberiti.

"Mwanangu, leo umechimba maji!" alimpigia kelele. "Usizime kwanza, hili bado halijajaa!"

Kiberiti alishuka. Nguo zilikuwa zimemganda mwilini. Fundi alikuwa amefunika kompyuta yake kwa begi, na alimtazama bila ubaya wowote, jambo lililozidi kumuumiza.

"Mtu anayechimba hivi," fundi alisema, "hakuchimba ule mtaro."

"Basi tumemaliza," msimamizi alisema, huku maji yakimtiririka puani. "Kofia."

Kiberiti aliivua kofia. Ilikuwa na ufa upande mmoja na ukanda wa ndani umebadilika rangi kwa jasho lake la miaka. Hakuwahi kufikiri kama ni kitu kizito, lakini sasa ilikuwa inamshinda kuinyoosha. Aliogopa, tena aliogopa kweli kweli. Pale kwenye foleni ya ndoo alimwona mama yake ameacha kucheka, dumu linafurika na yeye hana habari nalo. Mama Pacha alikuwa ameshafika kwa zamu yake, amesimama kando ya mnyororo wa mashine na kofia yake kwapani.

"Baba Pacha," alisema. "Una neno?"

Kiberiti aliigeuza kofia mikononi.

"Natumia namba ya mke wangu," akasema.

"Eti?" Msimamizi alitega sikio. "Sema kwa nguvu, maji yanapiga kelele!"

Kiberiti akavuta pumzi, akafumba macho, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "NINACHIMBA KWA NAMBA YA MKE WANGU, KWA SABABU YANGU IMENISHINDA!"

Sasa, kule mwisho wa mtaro, kibarua mmoja mwenye akili alikuwa amelipata koki, na alikuwa ameifunga sekunde hiyo hiyo. Maji yalikatika kabla ya sentensi. Maneno ya Kiberiti yalisikika peke yake, safi kabisa, mpaka kwa watu waliokuwa wamepanga foleni nyuma ya kontena.

Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, na mtaa mzima ukamfuata. Walicheka wakimwaga maji waliyokwisha kuyateka. Kiberiti alisimama katikati ya tope na kofia mkononi, akitamani bomba lipasuke tena.

*

Fundi peke yake ndiye hakucheka, kwa kuwa alikuwa anasoma. "Ndiyo, inaonekana," alisema. "Namba ni moja, lakini mikono ni miwili. Asubuhi kuna mtu anayevuta kwa nguvu na kuachia ghafla. Mchana kuna mwingine, anavuta kidogo kidogo." Akakunja uso. "Kuna jambo sijalielewa, hata hivyo. Kila jioni mpangilio wote unabadilishwa, na kila mchana unarudishwa. Nani alikuwa anafanya hivyo?"

"Mimi," Mama Pacha alisema.

Kiberiti aligeuka.

"Siku ya kwanza tu nilijua," mkewe alimwambia. "Mashine inanitumia ujumbe kwenye simu. Iliniambia hongera kwa zamu ya asubuhi, na asubuhi hiyo nilikuwa nafua mashuka yako."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema, ungerudi kwa sungura wako uue mtu. Nikawa napita hapo kwenye uzio nikienda sokoni, natazama unavyohangaika. Mkono unapenda uinuke kwa wepesi, kuzunguka unataka kuwe na uzito. Basi jioni kabla sijashuka nakuwekea unavyopenda, mchana nikija narudisha wa kwangu. Nilikosea siku ya kwanza, nikakuwekea mzito sana. Ulirudi nyumbani unalalamika bega."

Kiberiti alikumbuka bega. Alikumbuka pia jinsi mashine ilivyozidi kuwa tamu siku baada ya siku, na sifa zote alizojimwagia mwenyewe mle kibandani, peke yake, kwa sauti. Aibu ya kwanza ilikuwa ya watu, na ile angeweza kuizoea. Hii ya pili ilimkaa kifuani, na ndani yake mlikuwa na upendo mwingi mno hata hakujua aitoe vipi.

"Mama naye alijua?"

"Mama ndiye aliyeniambia ninyamaze nione utafika wapi."

Mama yake alikuwa ghafla ana shughuli nyingi na mfuniko wa dumu.

Fundi alieleza kwamba zamu zote za asubuhi zinaweza kuhamishiwa kwa mwenye mkono, na makao makuu hawatakuwa na la kusema zaidi ya onyo. Sharti moja tu: mwenye namba lazima akubali, abonyeze mwenyewe. Akamnyooshea Mama Pacha kompyuta.

Mama Pacha aliipokea, akainua kidole, akakiacha hewani.

"Zote hizi?"

"Zote," mumewe alisema.

"Ni nyingi, ujue. Makao makuu wamenisifu kwa hizi. Nguvu za ajabu, wamesema."

"Mama Pacha, tafadhali."

"Sijasikia. Na maji yamefungwa."

"Tafadhali, mke wangu," Kiberiti alisema mbele ya msimamizi, fundi, vibarua, na kila mwenye ndoo. "Nirudishie kazi yangu. Na ahsante kwa bega."

Mama Pacha akabonyeza. Alibonyeza mara moja, bila mbwembwe, na macho yake yalikuwa na maji ambayo hayakutoka kwenye bomba.

"Bado bomba," msimamizi alisema, akikamua tai yake. "Bomba limepasuliwa kwa namba ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe," fundi alisema. "Ndiyo rekodi yake pekee ya mwezi huu aliyoingiza kwa namba yake."

"Hiyo mwachieni," Mama Pacha alisema. "Ni kazi halali ya mikono yake."

Msimamizi alisema Kiberiti hatakwenda nyumbani leo mpaka bomba lizibwe na mtaro usafishwe, zamu au si zamu, na asichimbe hata kijiko kimoja kwa namba ya mtu mwingine. Kisha akaenda kutafuta shati kavu. Kiberiti aliivaa kofia yake upesi, kabla mtu hajakumbuka kuidai tena.

Akapanda mashine. Mama Pacha akapanda nyuma yake, akasimama mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi. Skrini ilimkaribisha Kiberiti kwa namba yake, ikamwonyesha sungura wake. Kioo kilikuwa safi kama siku zote, na chini yake mtaa mzima ulikuwa umeinua vichwa.

"Telezesha kidole," Mama Pacha alimnong'oneza. "Hapana, siyo huko. Huku, kwa kobe. Mpaka nikuambie basi."

Akatelezesha, pole pole, na mkewe hakumwambia basi upesi.

"Umebonyeza kobe?" mama yake aliita kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari kutoka kilima cha pili.

Kiberiti alifungua dirisha.

"Nimebonyeza, mama!"

Watu wakapiga makofi. Mkono wa mashine ukainuka taratibu, ukashuka taratibu, ukachota tope la kwanza lililofunika bomba, bila kuligusa bomba lenyewe.